Kofia za Risasi

Betri imekufa, alisema kijana wa gereji,
akanipa bei kabla hajafunga boneti.
Ya pili hiyo tangu Pasaka.
Nikamwambia, mwanangu, maiti gani huyu
anayewasha taa mpaka paka wa jirani akakimbia?

Ni Morisi ya mwaka hamsini na nane,
rangi ya maji ya kunde,
na hapa Blaenau mvua hainyeshi, inaishi.
Hupanda vilima vya mawe ya kuezekea yaliyokataliwa,
hushuka, huingia chini ya boneti
bila kubisha hodi.

Nikavaa koti la marehemu Ifor, nikainama.
Penye chanya palikuwa na ukoga,
mweupe pembezoni, kijani ndani,
mnene wa kukwangua kwa kijiko.

Gethin aliniletea vibanio vipya kutoka Wrexham,
shaba inayong'aa, kirungu cha kuzungusha kwa vidole.
Mama, hutahitaji bisibisi tena.
Nikavijaribu.
Kimoja kilicheza kama pete ya bibi harusi aliyekonda,
kingine kikagoma kuvaa.
Nguzo za betri si pacha: chanya ni nene, hasi nyembamba,
na kwenye gari hili ardhi ni chanya,
bati lote, mlango, bampa, chanya.
Kiwandani waliamua hivyo. Vijana hawaamini,
hufunga kinyume, halafu hulaumu betri.
Nikavirudisha kwenye karatasi yake.

Kofia za zamani zinanitosha:
risasi tupu, zinavikwa juu ya nguzo,
skrubu moja inapenya utosini.
Ila tundu limepanuka, skrubu inazunguka bure,
na ya unene ule anayo mtu mmoja tu,
ng'ambo ya reli.

Emrys. Tumbo moja.
Hatujasemezana tangu mazishi ya mama,
miaka tisa, kisa kabati la vyombo.

Akafungua. Akatazama skrubu kiganjani mwangu,
si uso wangu.
Kofia za zamani?
Za zamani.
Ardhi chanya?
Ardhi chanya.
Akaingia ndani. Nikasikia makopo.
Kabati lilionekana mlangoni, sahani za bluu zimepangwa,
pengo moja, safu ya pili.
Akarudi na skrubu mbili.
Usikaze kama mlango wa jela.
Najua.
Waya wa ardhi ndio wa kwanza kutoka, wa mwisho kurudi.
Najua, Emrys.
Jina lake lilinikwaruza koo.

Nyumbani nikakoroga magadi kwenye maji ya uvuguvugu,
nikamimina kijiko kwa kijiko.
Ukoga ukatokota kama uji, ukalegea, ukaenda na maji.
Nikasuuza. Nikakausha kwa fulana.
Msasa nikaukunja, nikauzungusha ndani ya kofia
mpaka risasi ikatoa meno.
Betri yenyewe, maskini, haikuwa na kosa.
Uchafu wa unene wa karatasi ulikaa katikati
na umeme, kama mgeni mwenye haya,
ukaishia kizingitini.

Kaza hadi ikatae, kisha acha:
risasi ni laini, husamehe mara moja.
Mafuta ya mgando juu, baada ya kukaza.
Ifor alipaka kabla. Tulibishana miaka thelathini,
na leo ningempa ushindi
ili tu abishe.

Nikavuta kirungu cha stata.
Gari likakohoa mara mbili, likaitika,
madirisha ya jikoni yakatetemeka.

Skrubu ya pili nimeitia kwenye kisahani cha majivu.
Alhamisi nitairudisha ng'ambo ya reli.
Nitasema haikuenea.
Hata sijaijaribu.